Waya za Pikipiki Zimeungua

Mama Nthenya,

Sikuwa na fyuzi, sikuwa na mita ya kupimia umeme, wala subira. Usiguse pikipiki, bado ina joto. Mbuzi wanyweshwe kabla ya saa sita. Jumapili tutaenda kanisani kwa miguu.

Leo asubuhi niliitoa betri ya volti sita nikaweka ile ya kumi na mbili. Fyuzi ilikuwa imekatika, nikaizungushia karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara, kama wafanyavyo madereva wa malori hapa Emali. Waya uliochunika ukagusa chuma. Fyuzi nzima ingekatika, waya zingepona. Karatasi haikukatika. Waya zimeungua zote, pamoja na dainamo.

Ukacheka: "Mzee wa ngumbaru, kitabu chako cha pikipiki kilisema hivyo?"

Hapana. Kilisema ningoje fyuzi. Kicheko chako kimeniuma kuliko kidole nilichounguza.

~~Nitatafuta dainamo nyingine.~~ Hazitengenezwi tena. Nimemwandikia Othman, fundi wa Mtito Andei, aje aichukue pikipiki kama vyuma chakavu. Imenibeba miaka ishirini na minne. Bahasha ya barua yake nimeibandika kwa uji uliobaki sufuriani, naipeleka posta sasa, nisije nikaifungua.

Baba Nthenya