Kitabu Alichokifungua Nasra

Magamba,
S.L.P. 61,
Lushoto.
6 Mei 2024

Nasra wetu wanataka kumsomea Albadiri. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, na wewe unanijua.

Mpendwa kaka Darweshi, shikamoo. Sasa ndiyo nakusalimu. Hali yako huko Tunduma? Mguu wa wifi Rahabu umepona, au bado anachechemea? Mimi mwili hauna neno. Mvua haijakoma tangu tufungue Ramadhani, nguo hazikauki, kuni zinatoa moshi mtupu. Hata hivyo karoti zangu zimetoka nzuri kuliko za mtu yeyote huku Magamba, na wanunuzi wa Soni wanaziulizia kwa jina langu.

Simu sikupigii. Nikisikia sauti yako nitalia, na kuta zetu ni za mbao, majirani wanasikia kila neno. Barua nimempa Shabani wa basi.

Nikukumbushe kwanza huyu mpwa wako ni nani, maana ulimwacha mdogo. Nasra alisomea ukutubi Bagamoyo, akarudi na cheti, akapewa ile maktaba ya kata iliyojengwa njia panda ya kwenda Kwemkuyu. Mkutubi, kaka, si mfuta vumbi. Mwulize kitabu chochote, anakwenda na mkono wake umeshajua kilipo. Mwalimu mkuu anamwita madamu, na mimi niliyeishia darasa la saba naitwa mama wa madamu, nami naitika.

Shida yake ilikuwa watu hawaingii. Wanapita na matenga ya kabichi, wanachungulia, wanakwenda zao. Basi akatundika ubao mlangoni, akawa anabandika vipande vya magazeti, habari za ajabu tupu. Mbuzi aliyeingia benki akagoma kutoka. Mzee aliyesoma tangazo la msiba wake mwenyewe huku anakunywa chai. Kitabu cha maktaba huko Ulaya kilichorudishwa na mjukuu wa aliyekiazima, mwenyewe alishakufa zamani. Watu wakaanza kusimama. Mvua ikija wanaingia ndani, na wakishaingia wanashika kitabu. Kina mama wa sokoni walikuwa wanamwuliza, "Madamu, leo dunia imechanganyikiwa vipi?" Naye anawasomea kwa sauti, mbuzi anamwigiza mpaka mlio. Nilikuwa naacha palizi nikamwangalie.

Mwezi wa nne akabandika habari ya kijiji cha nchi ya mbali kilichofukiwa na mlima. Gazeti lilisema siku chache kabla, chemchemi zilitoa maji ya udongo, milango ya nyumba ikakataa kufunga, na juu ya kijiji ardhi ikapasuka ufa. Mosi, mke wa Twaha muuza hoho wa Kwemkuyu, alikuwepo. Akasema, "Basi na sisi tunakufa, maana mlango wangu wa jikoni wiki nzima haufungi." Wote wakacheka, na Nasra akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Alifunga maktaba mapema akapanda Kwemkuyu. Ufa aliukuta juu ya matuta ya kabichi, mguu unazama. Akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia wahame. Twaha akamjibu, "Mkutubi, hicho kitabu chako kinasema huko tuendako tutakula nini?" Mwingine akamwuliza kama yule mbuzi ameshatoka benki. Jamali, baba mdogo wa Twaha, ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Yeye alisema mlima ule ulikuwepo kabla ya gazeti.

Mlima ulishuka siku chache baadaye, alfajiri, watu wakitawadha. Nyumba ya Twaha ilikwenda yote. Ndani walikuwemo Mosi, watoto wao wawili, na mama yake Twaha, yule bibi aliyekuwa hasikii. Twaha alikuwa ameshuka Soni na hoho zake. Tulichimba kwa majembe ya shamba, kaka, majembe yaleyale ya viazi. Mosi tulimkuta ameshika komeo la mlango wa jikoni.

Sasa nikueleze lililotufikisha kwenye Albadiri. Msibani tulikaa tunamenya viazi, na watu wakawa wanasema hakuna aliyejua. Mimi nikasema yupo. Nikasema Nasra wangu alijua mapema, alifungua kitabu akaona kila kitu. Nilisema kwa kujivuna, na kujivuna sikujutii, mtoto ni wangu. Ninalojutia ni neno. Mimi nilisema kitabu nikiwa na maana ya kusoma, wao wakasikia kile kitabu cha waganga, cha kupigia ramli na kuagulia. Mama mmoja akaniuliza taratibu, "Kitabu gani hicho, mama Nasra?" Nikamjibu, "Anachokijua mwenyewe." Visu vikasimama.

Tangu siku ile maktaba imekufa. Vitabu vya kuazima vinarudishwa kwa kutundikwa kwenye uzio ndani ya mifuko ya plastiki, hakuna anayetaka kumkabidhi mkono kwa mkono. Watoto wamekatazwa kupita hata upande ule wa barabara. Wanaokuja sasa ni wa namna nyingine. Mwanamke wa Shume alikuja amejifunika uso, anataka afunguliwe kitabu ajue mumewe amemweka wapi mke wa pili. Kijana wa bodaboda akataka aangaliziwe mkeka wa mpira, timu gani itashinda. Nasra akamwambia, "Kaka yangu, ningekuwa naona ya mbele ningekaa hapa?" Kijana akasema, "Ndivyo mnavyosemaga wote."

Wiki iliyopita Twaha alikuja mwenyewe nyumbani. Alisimama uani kwenye mvua, akaniamkia vizuri, adabu hakuiacha. Nikamkaribisha ndani akakataa.

"Mama, sikuja kugombana," akasema. "Nina swali moja kwa Nasra."

Nasra akatoka.

"Kama ulijua, kwa nini hukunikamata ukanitoa?"

"Nilikuambia, Twaha. Ukanicheka."

"Pale mlangoni kwako nani aliyetufundisha kucheka?"

Twaha akafuta uso, mvua au machozi, mimi sikujua. Akasema Jamali amemleta mwalimu kutoka Mombo, maana shehe wetu amekataa kuongoza jambo hilo. Watasoma Albadiri, aliyeushusha mlima laana yake impate. Kama Nasra hamo, haitamgusa. Akaniaga akaondoka. Yule si mtu mbaya, kaka. Ni mtu ambaye hana tena mlango wa kurudi.

Nilidhani Nasra atalia. Akakaa jikoni anaupangua moto bila sababu. Baadaye akaniambia, "Twaha amesema kweli, mama. Ile habari niliibandika katikati ya mbuzi na mzee wa chai. Wangejuaje kwamba hii siyo ya kucheka?" Nilimwambia ale. Hakula.

Na ufa bado upo. Hilo ndilo watu hawataki kulisikia. Umeendelea kuelekea nyumba ya Jamali na za wenzake. Wataalamu walikuja kutoka mjini, wakachomeka vigingi vyekundu, wakasema kila aliye chini ya vigingi ahame. Watu wamefunga mbuzi kwenye vigingi. Wanasema mwenye kitabu akishasomewa, mlima utatulia. Kwa hiyo hawahami, wanasubiri kisomo.

Nilitaka nimlete kwako. Nilikuwa nimeshapanga nguo zake kwenye begi. Akazitoa moja moja, akazirudisha kwenye kamba, na mbichi zilikuwa mbichi kweli. Akasema, "Nikikimbia watasema ni mimi, halafu watalala palepale kwa amani." Akampelekea Jamali jibu kwamba atakuja kukaa katikati yao, wasome, na amina ataitikia pamoja nao. Ameomba kitu kimoja. Kabla hawajaanza, wamwachie asome kile kipande cha gazeti mwanzo mpaka mwisho, na asicheke mtu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Jamali amekubali, nadhani kwa mshangao tu.

Akaomba na kisomo kihamishiwe uwanja wa shule. Hilo wamelikataa. Wamesema kama mkono wake ni safi anaogopa nini. Kitasomwa uani kwa Jamali, chini ya ufa.

Kaka, Albadiri siiogopi, mtoto wangu namjua. Naogopa mengine. Akipata hata homa ya mafua baada ya siku ile, watasema imempata. Na naogopa kundi la watu limekaa pale chini na mvua inanyesha, wakiwemo walionichimbia viazi na kunibebea maji nilipokuwa mjane mpya. Sina hasira nao wote. Wachache tu.

Baba yake angekuwa hai angekaa kando yake. Hayupo, na mjomba wake ni wewe. Sitaki akae pale kama mtoto aliyeokotwa. Nataka waone ana watu, na watu wenyewe wamevaa vizuri. Kaka yake Zuberi atatoka Tanga na mkewe, Mwenyezi Mungu akipenda. Njoo na wifi, njoo na Shukrani, mtoto wa kiume ana sauti na nguvu. Ile kanzu yako nyeupe uliyovaa kwenye harusi ya Zuberi, ndiyo hiyo. Lakini mje na viatu vya kufunga kamba, si ndala, na mkifika mkae upande wa njia. Nasra nitamkalisha upande huohuo, nimeshapaangalia.

Msalimie sana wifi Rahabu, mwambie karoti zake nimezitenga. Msalimie Shukrani na yule mama mkwe wako, ambaye sijamwona lakini namsikia. Mungu awape njia kavu, awatulize na madereva wenu.

Mkishuka Lushoto msipitie kwangu, hamtanikuta. Nyoosheni moja kwa moja Kwemkuyu kwa Jamali. Kisomo kinaanza watu wakitoka msikitini, na tunategemewa sote, Ijumaa tarehe kumi na saba mwezi huu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja,
Mwanamisi, mama wa madamu