Vidoli vya Firauni

Jumatano, 2 Oktoba 1957
Nimekuna nazi, nimefagia ua, nimemfokea Mwanakombo. Mjukuu wangu huyu akishika kitabu cha shule hata moto haukumbuki. Wali umeungua. Mimi najua herufi za Kiarabu tu, za chuoni, nikamwambia asome kwa sauti basi, nami nijue kilichoniunguzia wali.

Habari za Misri ya kale. Firauni juu. Chini yake makuhani, kisha waandishi, kisha askari na mafundi, kisha wakulima, chini kabisa watumwa. Wamechorwa kama kichuguu. Wakulima wamebanana huko chini, yeye juu peke yake na kofia kama mtungi. Huyo twamjua, alizama. Lakini ngazi zake naona hazikuzama.

Alhamisi, 3 Oktoba
Nimeitwa nyumba kubwa. Bi Zuhura, mwenye nyumba hiyo, ni mdogo kwangu kwa umri, ila huniita Kidawa kavu, bila Bi. Mama yangu alizaliwa mtumwa wa babu yake. Ndiyo sababu. Serikali ilifuta utumwa mimi nikiwa kigori, na bado kila harusi yao mimi ndiye wa kupepeta na kutwanga.

Safari hii hataki kutwanga tu. Bintiye Rukia aolewa Vanga baada ya Maulidi. Ataka Mwanakombo afuatane na bibi harusi, akae naye huko, amchotee maji, amfulie. "Ndiyo desturi," asema. Nikasema nitafikiri. Mimi! Nitafikiri! Nimejichukia njia nzima.

Jumamosi, 5 Oktoba
Nyumba yangu yasimama kwenye shamba lao. Minazi yao, kisima chao. Nikikataa, twafukuzwa. Nikikubali, shule ndiyo basi. Nimegombana na kuku, na jirani, na mlango.

Mwanakombo amesoma tena. Ati wakubwa wa Misri walizikwa na vidoli vyenye majembe. Maiti akiitwa kulima huko ahera yao, kidoli chaitika, "Nipo mimi," kikaenda badala yake. Nimetema mate. Hata kufa hawakuwapumzisha watu!

Nikamuuliza, mkulima hakupata kupanda juu? Akasema, "Bibi, mwanawe akijua kuandika, pengine alipanda."

Nikamwambia nenda kafue. Nilitaka aniondokee nilie.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimekwenda. "Mwanakombo haendi. Naenda mimi."

Bi Zuhura akacheka hadi ushungi ukamwanguka. "Kidawa we! Bibi harusi afuatwe na ajuza? Watu wa Vanga si watanizomea?"

"Wazomee. Binti yako nimemwosha mimi, nimemsuka mimi. Wewe ulikuwa hujui hata kumfunga winda alipokuwa mchanga."

Nilidhani atanifukuza. Rukia akasema nyuma ya pazia, "Mama, mimi namtaka Bi Kidawa." Aogopa huko aendako, maskini.

Mama mtu akanuna. Kisha akakubali. Mtoto abaki, nyumba ibaki. Na mimi nisirudi mpaka Rukia azae.

Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimemwambia Mwanakombo. Atakaa kwa jirani, Mwanahamisi, mwenye mdomo lakini mwenye roho. Akalia, akasema ataacha shule aende yeye. Nimemfokea mpaka watu wakachungulia.

Akasema, "Bibi, umekuwa kidoli."

Nimemzaba kofi. Halafu nimemshika, sikumwachia. Mkono wangu bado wawasha. Kidoli, sawa. Lakini chake yeye, si cha Bi Zuhura. Sikumwambia hilo. Atavimba kichwa.

Jumatatu, 21 Oktoba
Vanga. Nalala stoo, ubavuni mwa magunia. Mkeka wanuka mafuta ya taa. Mama mkwe wa hapa ana jicho kali, jana amenipima toka kichwani hadi kwenye nyayo kama anunuaye mbuzi.

Rukia hatoki nje, ndiyo ada yao. Mimi angalau nakwenda kisimani. Asubuhi nimemsuka. Nikamwambia akae wima.

Mvua ndogo tangu alfajiri. Saa hizi Mwanakombo yumo darasani.

Mchele bado sijauchambua.