Pikipiki ya Mkono Mmoja

Sumbawanga, Jumatano

Kaka Felisiani, shikamoo.

“Pikipiki isiyo na shokapu mbili mbele ni kilema, na Adela ndiye aliyemtia mumewe tamaa ya kuinunua.” Ndivyo ulivyomwandikia baba mdogo, naye anausoma ujumbe wako katika kila kilabu cha pombe. Kaka, gurudumu la mbele limeshikwa na mkono mmoja wa chuma kwa sababu waliolitengeneza walitaka hivyo. Marehemu ndugu yetu Vitus alikwenda nayo Mbeya na kurudi, na hata akifunga breki ghafla haikuinamisha pua kama hizi za bodaboda.

Ulezi umeiva, baridi ni kali, nami nimechoka kubishana.

Siku ile ya matanga ulikuwepo. Kija, mfugaji wa Milepa, alikuja akiswaga dume la ng'ombe, akasema mbele ya wote, “Wazee, ni ng'ombe wangu waliomkatizia Vitus barabarani. Naomba mnisamehe.” Baba mdogo akamjibu, “Kaa chini, Msukuma. Anayekuja na nyama hafukuzwi.” Tukachinja. Supu uliisifia mwenyewe.

Leo mnataka kumtoa mjane nyumbani kwake kwa kosa ambalo Kija alishaliungama, nanyi mkalisamehe huku mnatafuna.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Panda basi uje. Wewe na baba mdogo msimame mbele ya ndugu wote, mseme kwamba Adela na wanawe wanabaki katika nyumba ya Vitus.

Mdogo wako,
Justina