Betri Zimejaa, Kifua Kimebana

Jumatatu, 3 Machi
Kifua cha binti yangu kimebana tena. Nikamfunga mgongoni, nikaenda naye kazini zahanati, ufagio mkononi. Nesi akamwekea mashine ya mvuke, mtoto akavuta dawa, akalala. Bila sola mashine ile ni pambo tu. Sola yenyewe ni ya majaribio – serikali inailipia ione kama inafaa. Alhamisi anakuja mkaguzi kuamua kama waendelee kuilipia. Fundi wa sola ni shemeji yangu, mume wa dada. Hali, halali, kwa hofu ya ukaguzi.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji kazima swichi kubwa, funguo katia mfukoni! Anataka mkaguzi akute betri zimejaa pomoni. Kafuta na hesabu zote za mita, eti isomeke safi. Nikamuuliza, na mtoto je?
"Vumilia, shemeji, siku mbili tu. Hata simu yangu nimeinyima chaji."
Nesi kanuna.

Jumatano, 5 Machi
Usiku kucha nimemkalisha binti wima, namsugua mgongo. Mvuke wa sufuria haufui dafu. Anauliza, mama, mashine imenuna? Nikasema inapumzika.
Nimechoka hadi machozi hayatoki.

Alhamisi, 6 Machi
Mkaguzi ni mama wa makamo, mpole. Shemeji kamwashia swichi, meno yote nje. Betri zimejaa kweli. Kisha mama akatazama mita. Akaipangusa, akatazama tena. Matumizi: sifuri.
Akasema mitambo ni mizuri, ila hapa haina mtumiaji. Hawezi kuiombea fedha zaidi. Afadhali ihamishiwe wanakoihitaji.
Shemeji akakauka. Akikiri alichofanya, kazi hana, na dada yangu na wanawe wanne watakula nini? Asipokiri, sola inakwenda. Kanivuta pembeni, kaninong'oneza, nakuomba, shemeji, usiguse kitu mpaka aondoke.

Sasa nimekaa benchi la wagonjwa, naandika mkono mmoja. Binti kifuani pangu, pumzi zinapiga filimbi. Mkaguzi yuko nje, chini ya dirisha, anaongea na simu. Anamwambia mtu wa ofisini kwake kwamba hapa kamaliza.

Nimeinuka. Nimechomeka waya wa mashine mwenyewe, nesi katia dawa.

Mashine inanguruma zahanati nzima. Shemeji kajiinamia mlangoni, uso viganjani. Binti anavuta, midomo inarudi rangi.
Nje, sauti ya mkaguzi imekatika. Nasikia viatu vyake, vinarudi –