Stendi Uliyoizuia Gerejini

Huku kijijini, Kaliua
Jumapili asubuhi

Kaka Rajabu,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Nimeitanguliza shikamoo kwa sababu ndivyo Mama alivyotulea, na wewe ni mkubwa wangu hata siku ambayo sitaki kulikumbuka hilo. Natumaini hapo Tabora mko wazima, wifi kifua kimempoa, na Baba anameza dawa zake za presha bila kusukumwa. Mimi mzima, isipokuwa mguu wa kulia. Nitaufikia.

Nimeshika karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nikianza unacheka, nikiendelea unasema mtandao unasumbua. Juzi umeniandikia ujumbe: "Si umeshapata chuma chako? Basi yaishe." Hayajaisha, kaka. Hujui hata yalivyoanza, kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho.

Pikipiki ya kazi niliyopewa huku na idara ya mifugo unaijua. Ni ile ndefu ya porini, haina stendi ya kati kama bodaboda zenu za mjini, ina mguu wa pembeni tu. Tairi la nyuma likipata pancha, huwezi kulitoa mpaka mtu mwingine aishikilie, au uwe na stendi ya kunyanyulia. Fundi wa karibu yuko Kaliua mjini, mwendo wa saa mbili kwa njia ya mchanga. Ndiyo maana nilimwomba Baba anichomelee stendi. Na Baba, kwa macho yake yale yasiyoona vizuri, akakaa siku tatu akaichomelea, akakukabidhi wewe uipakie kwenye treni.

Hilo la kukukabidhi nililijua baadaye. Wewe uliniambia Baba hajamaliza. Kila nikipiga simu: "Mzee hajisikii vizuri, mvumilie." Nikamvumilia mzee wa watu miezi miwili, na kumbe kazi yake alikwisha maliza zamani.

Mwezi uliopita, asubuhi, akanipigia Bi Nyamizi. Ni mama mjane wa kijiji cha pili kutoka hapa, ana ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake, na maziwa yale ndiyo yanayomlisha. "Mwanangu, ng'ombe wangu hali tangu jana. Ana homa, na hapa chini ya masikio pamevimba." Nikajua ni ndigana, ile homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe. Ndigana ukiiwahi kwa sindano, mnyama mara nyingi anapona. Ukichelewa, umemkosa. Nikamwambia, "Mama, nakuja sasa hivi." Nikabeba dawa, nikatoka nje, nikakuta tairi la nyuma limekaa chini kabisa.

Nikamwita Maganga, jirani yangu, mkulima wa tumbaku. Akaacha shughuli zake akaja. Tukaegemeza injini kwenye tofali, yeye akashika usukani na kiti. Nimefungua nati, nimeinama nalivuta tairi, mtu akamwita kutoka barabarani. Maganga akageuka kumwitikia, mkono mmoja ukaachia, pikipiki ikateleza kwenye tofali na kuniangukia mguuni. Vidole viwili vilivunjika. Nilipiga kelele mpaka watoto wa shule wakasimama.

Maganga aliomba radhi huku machozi yanamtoka, nami simlaumu. Yeye ni mkulima, hakusomea kushikilia pikipiki.

Siku ile nzima mguu ulikuwa umefura, siwezi hata kukanyaga. Kesho yake ndipo nikapata mtu wa bodaboda wa kunipeleka. Ng'ombe nilimkuta amelala, povu linamtoka puani, anahema kama anayezama. Nikamchoma sindano nikijua najidanganya. Kabla ya adhuhuri akafa, kichwa chake kwenye mapaja yangu. Bi Nyamizi hakulia. Aliniuliza neno moja tu, "Ulikuwa wapi, mwanangu?" Kisha akautazama mguu wangu uliofungwa kitambaa, akaenda ndani akaniletea kigoda cha kukalia. Kaka, angenitukana ningepata nafuu.

Jioni nikampigia Baba. Nikamwambia, "Baba, ile stendi tafadhali, hata kama haijakamilika nitumie hivyo hivyo."

Akasema, "Stendi ipi tena, Zena? Si nilimpa Rajabu kabla ya mfungo?"

Kesho yake akaja gerejini kwako kwa miguu, na fimbo yake, akaikuta imebeba pikipiki ya mteja wako. Ameniambia ulivyomjibu. "Baba, msichana peke yake hawezi kuinua pikipiki ile. Ingekaa bure tu huko." Umesema hivyo mbele ya mafundi wako, wakacheka. Aliyechomelea chuma kile kwa ajili yangu kasimama pale pale, na mkamfanya kicheko. Akaibeba mwenyewe mpaka stesheni.

Sasa nikueleze, fundi mkubwa, msichana anavyoinua.

Mara ya kwanza nilishindwa, sikufichi. Niliingiza stendi nyuma, nikakandamiza mkono wake, pikipiki ikakimbia mbele badala ya kupanda. Niliikumbatia isianguke, nikabaki nimeing'ang'ania hivyo, mguu mbovu unaniuma, na sauti yako masikioni inasema ingekaa bure. Nililia kwa hasira. Nilipomaliza kulia nikawaza.

Nikaisogeza mpaka tairi la mbele likagusa ukuta wa nyumba. Nikaikaza breki ya mbele kwa mpira wa tyubu kuukuu, nikaufunga vizuri. Chini ya mguu wa pembeni nikaweka kipande cha ubao ili isilale sana upande. Nikapita nyuma, mkono wa kushoto nikashika chuma cha kubebea mizigo, nikaivuta taratibu mpaka ikasimama wima, uzito wote ukawa kwenye matairi na si kwangu. Kwa mkono wa kulia nikaisukuma stendi chini ya vile vyuma viwili vinavyoshika tairi. Nikaangalia kushoto imekaa, kulia imekaa. Hapo sikutumia nguvu za mkono. Nililalia ule mkono wa stendi kwa mwili wangu wote, polepole, na tairi likaondoka ardhini. Nililizungusha kwa kidole. Maganga alikuwa amesimama mlangoni kwake, hakusogea, kwa sababu nilimwambia asisogee.

Nimekwisha kufanya hivyo mara nne. Kushusha ndiko kwenye hatari zaidi: usipoushusha mguu wa pembeni kwanza, inakwenda na wewe. Waambie na mafundi wako, kama bado wanacheka.

Juzi nilikwenda kwa Bi Nyamizi kumtazama ndama. Anakunywa maziwa ya kuombwa kwa majirani, lakini anakua. Bi Nyamizi ananiita mwanangu bado. Mimi nimemwambia ukweli, kwamba kifaa changu kilizuiwa na ndugu yangu wa tumbo moja. Akasema, "Mlete nimwone." Hakusema kwa ubaya, wala kwa wema. Alisema tu.

Kwa hiyo utakuja. Treni unaijua. Nitakungoja stesheni Kaliua na pikipiki, utakaa nyuma yangu, nami nitakuendesha mpaka uani kwake, ukamwambie mwenyewe yale uliyomwambia Baba.

Nisalimie Baba, mwambie machomeleo yake hayajaachia hata moja. Mama mwambie mguu unapona, asipande treni kuja kuniuguza. Wifi nampa pole ya kifua, shangazi wa Kwihara mpe shikamoo yangu, na watoto wako wabusu kwa ajili yangu.

Wewe sikuandikii salamu za mwisho. Zako utazipokea ukishuka kwenye behewa.

Mdogo wako,
Zena