Mchungaji Mpelelezi Hakumpata Ndugu Yake

Nakivale, Jumapili, 14 Juni 1987

Nimedanganya, mimi ninayewakemea wahubiri kila siku kwa kulainisha Maandiko.

Baada ya ibada nilimsomea Mama Yohana, jirani yangu asiyeona, kitabu cha mwisho cha hadithi za mchungaji mpelelezi. Miaka minne nimevitafuta vitabu hivyo mjini Mbarara, kimoja kimoja, nikimtafsiria kwa sauti. Katika hiki mchungaji anauawa kabla hajampata ndugu yake aliyepotea. Na Mama Yohana anamsubiri mwanawe Yohana tangu tulipokimbia kwetu kuja kambini hapa. Nikashindwa. Nikabuni kwamba walikutana mtoni, wakakumbatiana.

Mama Yohana akaniambia:

"Mwalimu, leo hukugombana na mwandishi. Kila Jumapili unamwita mzushi, unapiga meza. Hayo ni maneno yako weye. Sasa nisomee ya kwake."

Nikamsomea yote.

"Kumbe alikufa akimtafuta," akasema. "Basi hakumwacha."

Akapapasa jalada, akaniomba kitabu kibaki kwake.

Vitabu vimekwisha. Jumapili ijayo sina cha kumsomea, wala wa kugombana naye. Nitakwenda hata hivyo, nikae naye.