Nilimwambia Mama Mkwe Pai Haijaiva

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla sijaanza nakuomba usinicheke, kwa sababu kucheka ndiko kulikonifikisha hapa. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, tunamwita Kidoti, ana meno mawili ya chini na anatambaa mpaka uvunguni mwa kitanda, mume wangu ni fundi rangi, tunaishi vyumba viwili na kupika tunapikia kibarazani karibu na mlango, na shule sikufika mbali kwa hiyo nikiandika vibaya unisamehe, lakini yaliyo moyoni nayatoa yote.

Mama mkwe wangu amekuja kukaa nasi kwa ajili ya meno, yalikuwa yanamsumbua siku nyingi na daktari akamng'oa yote ya mbele, juu na chini, akamwambia asubiri fizi zipone ndipo apimwe meno ya bandia, na kwa sasa ale vitu laini na vya baridi. Mshauri, huyu mama si kama wale mama wakwe ninaowasoma kwenye ukurasa wako. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, nilipojifungua sikujua hata kumshika mtoto, nilimbeba kama mtu aliyebeba trei ya mayai barabarani, na ni yeye aliyekuja akanionyesha, akaniambia, "Mwanangu, mtoto si yai, mtoto ni donge la unga, ukimwogopa anakushinda." Tangu siku hiyo namwita Mama na simaanishi mkwe.

Basi nikawa naumia kumwona mtu aliyekuwa akivunja mifupa kwa meno sasa anakunywa uji asubuhi, uji mchana, uji jioni, na uji wenyewe ni wa Kidoti, wanagawana. Siku moja akamwambia mjukuu wake, "Kunywa haraka, mwenzangu, mimi na wewe tuko darasa moja, ila wewe yako yanakuja na mimi yangu yameaga." Tukacheka wote, na yeye akacheka mdomo wazi. Nakueleza hili ujue kwamba ni mtu wa utani.

Sasa jirani yangu mmoja, msusi, akanionyesha kwenye simu yake pai ya aiskrimu isiyopikwa, unaponda biskuti, unazichanganya na siagi iliyoyeyushwa, unazishindilia kwenye sahani ya bati ziwe kama ganda, halafu unapiga krimu mpaka isimame, unatia maziwa mazito ya kopo na ndizi zilizopondwa, unamimina juu ya lile ganda, unaweka kwenye friza, basi, hakuna oveni wala moto. Nikaona Mungu amenikumbuka, kwa sababu mimi na keki hatuelewani, keki yangu ya mwisho mume wangu aliuliza kama anaweza kwenda nayo kazini azibie ufa.

Nikaamua nimtengenezee Mama, tena iwe ya kumshtukiza. Wifi yangu, ambaye ni dada wa mume wangu na ni fundi cherehani, alikuwa anakuja kesho yake kumjulia hali mama yake, nikasema nitaitoa mbele ya wote nimkabidhi Mama kisu aikate mwenyewe. Mama alipojilaza mchana nikaingia kazini, krimu niliipiga kwa uma kwa kuwa mashine sina, mkono ukafa ganzi, nikaimimina nikaisukuma ndani kabisa ya friza, na friza yetu tuliinunua mkononi kwa mtu, mlango wake haushiki, tunaukaza kwa mpira wa baiskeli.

Asubuhi nikiwa namfunga Kidoti mgongoni nimpeleke kliniki kwa chanjo, Mama akafungua friji achukue maji, akachungulia na huko juu kwenye friza, akaiona. Akaniuliza, "Mama Kidoti, hiki nini?" Nikashikwa, sikutaka kusema uongo na sikutaka kutoa siri, nikamwambia, "Ni pai, Mama, ya wifi akija. Lakini haijaiva." Akaibonyeza kwa kidole, akasema, "Kweli, mbichi hii. Inabonyea." Nikamwambia, "Ikiiva itakuwa ngumu, Mama," nikaondoka.

Mshauri, mimi nilimaanisha ikiganda. Neno lililonijia mdomoni ni hilo, sisi nyumbani kitu chochote kikiwa tayari tunasema kimeiva, hata mtu akijua kazi yake tunasema ameiva.

Kliniki foleni ilikuwa ndefu, nikarudi wifi ameshafika, amekaa kwenye kigoda, na Mama ameinama juu ya jiko, majivu mpaka kwenye nyusi, sufuria kubwa limetiwa mchanga chini na mkaa umepangwa juu ya kifuniko kama anaoka keki ya harusi. Akaniona, akasema, "Njoo, mwanangu, nimekuokoa. Pai yako uliiacha kwenye barafu, ingeiva lini na mgeni ndiye huyu?"

Nikamuuliza, "Mama, imo humo?"

"Imo. Nimeitia moto juu na chini. Lakini pai yako kaidi, kila nikiongeza mkaa ndiyo kwanza inakuwa maji, tazama, imekuwa supu."

Sasa, mshauri, kwa kuwa meno ya mbele hana, lile neno supu lilitoka na upepo mwingi, fuu, na majivu yote ya kwenye kifuniko yakaruka yakamtua wifi kichwani, na alikuwa ametoka kusuka. Hapo ndipo nilipopasuka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, machozi yananitoka, Kidoti mgongoni naye akacheka kwa kunisikia, na nilikuwa nataka kueleza kwamba pai ya aiskrimu imepikwa, imepikwa kwa mkaa, lakini kila nikifungua mdomo kinatoka kicheko. Wifi hakucheka. Alisema, "Mama yangu anaungua motoni kwa ajili yako, nawe unamcheka?" Nilipoinua macho Mama alikuwa ameshaweka koleo chini, amejifuta mikono, ameingia chumbani amefunga mlango.

Tangu siku hiyo nyumba imepoa. Mama akizungumza na mimi anavuta upindo wa mtandio anaziba mdomo, ananijibu ndiyo, hapana, asante. Akigawana uji na Kidoti hamtanii tena. Na amesema mwezi ukiisha anarudi kwake, meno ya bandia atayapimia huko huko, na huko kwake hakuna wa kuyapima, hilo tunalijua sote. Nilimwendea nikamwambia, "Mama, nisamehe nilivyoicheka ile pai," akasema, "Yameisha," na hayakuisha. Mume wangu anasema, "Nyie mtamalizana," anabeba ndoo yake ya rangi anakwenda. Wifi anasema nimnunulie mama yake kitambaa kizuri, atamshonea yeye. Msusi anasema nimwache apoe. Na kwamba pai ilikuwa yake mwenyewe sijamwambia, naona nikisema sasa nitamwongezea uchungu. Hata sahani ya bati niliikuta kesho yake imeoshwa imefunikwa, ile supu sijui aliimwaga wapi, kwenye ndoo ya taka hamkuwa na kitu, na kuuliza naogopa.

Mshauri, sitaki aondoke, na si kwa sababu ya kunisaidia mtoto, Mungu ananiona. Nimeshapoteza mama mmoja kwa kifo, siwezi kupoteza wa pili kwa kicheko. Bado nina matumaini. Nifanye nini abaki?

Ni mimi,
Mama Kidoti, mcheka ovyo

MSHAURI ANAJIBU

Mama Kidoti, barua yako nimeisoma mara mbili. Ombi lako la kutocheka nimeliweza mara ya pili.

Pole kwa pai, na pole kwa mkono uliokufa ganzi. Huruma yangu naisimamisha hapo kidogo nikugombeze, maana umeomba radhi kwa kosa ambalo silo. Umemwambia akusamehe kwa kuicheka pai. Nani alikasirikia pai? Rudi kwenye maneno yako mwenyewe. Hukucheka ulipouona mkaa, wala aliposema moto juu na chini. Ulicheka pale neno lilipomtoka na upepo. Mtu mzima amepoteza meno, anajifunza upya kutamka mbele ya binti yake, neno moja linamponyoka na mkwe wake anaanguka chini kwa kicheko. Yeye hajui kama ulikuwa unacheka pai au majivu au nywele za wifi. Anajua ulichekea wapi. Ule mtandio mdomoni umeuona kila siku, ukauandika kwenye barua, lakini hukuusoma.

Najua utaniambia, mbona alijitania mwenyewe kuhusu meno. Alijitania, ndiyo. Kidonda chake yeye anajua pa kukigusa. Wewe ulikipiga kofi.

Halafu hilo neno lako. Haijaiva! Kwa mwanamke aliyepika maisha yake yote, kitu kisichoiva kina dawa moja tu, na dawa hiyo ni moto. Ulimwambia ikiiva itakuwa ngumu, naye akakuamini, akakaa kwenye joto akiingoja iwe ngumu ili usiaibike mbele ya mgeni. Kuanzia leo pai ya aiskrimu nyumbani kwako inaganda, haiivi. Mwambie mumeo aliandike ukutani, rangi si anayo.

Na nikwambie jingine ambalo hukuliona. Pai iliyolala kwenye friza usiku kucha haibonyei kwa kidole. Yako ilibonyea kwa sababu mlango umefungwa kwa mpira wa baiskeli na baridi yote inatoka kwenda kutembea. Kwa hiyo mama mkwe wako alisema kweli tupu: ilikuwa mbichi. Ungeitoa mbele ya wageni ungewapa supu hiyo hiyo, ila ya baridi. Mpe haki yake.

Tuje kwenye sahani. Unaniuliza mimi supu ilimwagwa wapi. Mama Kidoti, maziwa mazito, krimu, ndizi na biskuti zilizolowa, vikipashwa moto vinakuwa nini? Vinakuwa uji, tena uji ambao hakuna mtoto wala mtu mzima amewahi kuuonja humo ndani. Na mtu ambaye kutwa anagawana uji usio na kitu na mjukuu wake ameachwa peke yake na sahani nzima. Ndoo ya taka haina kitu kwa sababu hakikufika huko. Alikula, akaosha sahani, akaifunika, akanyamaza. Mtu aliyekutoa moyoni haombolezi kwa kulamba sahani yako. Huyo hajaondoka. Anangoja kuitwa.

Sasa ufanye hivi. Kitambaa usinunue, na wifi mwambie asante, atafute wateja kwingine. Nunua biskuti. Mfunge Kidoti mgongoni, chukua bakuli na mchi, bisha hodi chumbani kwa mama, kaa chini, na umwambie bila kuzunguka: ile pai nilikutengenezea wewe, nilisema ya wifi ili nikushtukize, nikakosea neno ukaungua bure, na nilipocheka nilicheka majivu kichwani kwa wifi, sikukucheka mdomo wako, lakini ulisikia hivyo na umekuwa ukiziba mdomo kwa sababu yangu, nisamehe kwa hilo. Utaje mdomo. Usipoutaja utakuwa umeomba radhi kwa pai mara ya pili.

Akisema "Yameisha," usiinuke. Mpe mchi aponde yeye. Na ziwe unga kabisa, maana katika kushtukiza kwako ulisahau kwamba chenga za biskuti kwenye fizi zenye vidonda ni misumari. Ndizi ziwe zimeiva, na hapo neno ni lenyewe. Krimu na bakuli lake vipoe kwanza kwenye friji kabla hujaanza kupiga, mkono hautakufa. Mumeo, kabla hajabeba ndoo yake, abadilishe mpira wa mlango wa friza, anayeziba nyufa za watu anaweza kuziba na wake. Pai ilale humo, na asubuhi asiibonyeze mtu mwingine yeyote ila mama. Akisema bado, ni bado. Akisema tayari, mpe kisu.

Kuhusu safari ya mwisho wa mwezi, usimsihi wala usilie. Mwulize tu siku ya kwenda kupimwa meno ni lini, umtayarishe Kidoti awasindikize.

Jambo la mwisho, na hili ndilo gumu kwako. Mkiwa mnaponda, atahitaji kutamka neno biskuti. Litatoka na upepo, na ule unga wa kwenye bakuli ni mwepesi kuliko majivu, na wewe ndiye utakayekuwa umekaa mbele yake. Ukikurukia usoni, jifute, endelea kuponda, uma ulimi ikibidi. Uangalie mtandio. Ukishuka mdomoni na yeye akaanza kucheka, hapo una ruhusa yangu, cheka mpaka mkae chini wote wawili.